Damu ya Hirday Nand

Hirday Nand aliendesha lori la miwa kwa miaka ishirini na miwili, na karibu miaka yote hiyo hakunywa maji mchana. Sababu aliieleza mwenyewe bila aibu. Foleni ya malori nje ya kiwanda cha sukari huchukua saa tisa, saa kumi, kwenye jua, na dereva akishuka kwenda kujisaidia, aliye nyuma yake anampita. Kwa hiyo madereva walijizoeza kukaa na kiu. Jioni walikaa mkekani wakanywa kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, bakuli kwa bakuli, wakaona hiyo inatosha.

Alipofika hospitali yetu alikuwa na miaka arobaini na sita, na ndani ya figo lake la kushoto kulikuwa na jiwe lenye umbo la tangawizi, limejaza kila chumba cha figo na kuchomoza vipembe kila upande. Alikuwa amelibeba miaka sita akimeza vidonge vya maumivu. Akicheka alishika ubavu.

Mimi naitwa Taraivini. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka ishirini na tisa ya kazi. Wenzangu sita walikuwa wameondoka ndani ya miezi kumi, wamekwenda Australia kulea wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee. Siwalaumu. Lakini kazi waliyoiacha haikuondoka nao. Nilikuwa naingia saa moja asubuhi, natoka magoti yamevimba, nafika nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni, nawaza kama nivivue au nilale navyo tu.

Katikati ya uchovu huo Daktari Ashnita Gounder akanijia na ombi. Alikuwa msichana wa kwetu, mjukuu wa wakata miwa, amerudi kutoka masomoni mwaka mmoja na nusu nyuma. Alitaka hospitali inunue darubini yake yenyewe ya kutolea mawe ya figo kwa tundu, badala ya kungoja madaktari wageni kutoka ng'ambo waje nayo kila Agosti. Wakubwa walimwambia: tuonyeshe kwamba ni bora.

"Dada Tara," akaniambia, "vitabu vya thieta, vya kila upasuaji, unavijua wewe. Nataka kila mgonjwa wa jiwe la figo kwa miaka minane. Njia gani alifanyiwa, damu yake ilikuwa ngapi kabla, ikawa ngapi baada, na kama aliongezwa damu."

"Kwa nini damu tu?"

"Kwa sababu damu ndiyo inayotuua hapa. Jiwe likibaki tutarudi kulitoa. Damu ikiisha benki, imeisha."

Nikafanya. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa ghala la mashuka na muhogo wangu na samaki wa kopo, nikafungua kitabu baada ya kitabu. Njia ya zamani ni kumfungua mtu ubavu, mkato mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, daktari akaingia hadi kwenye figo lenyewe. Njia ya tundu ni kumlaza mtu kifudifudi, kumtoboa mgongoni tundu la upana wa kidole, kupitisha mrija na darubini, na kulivunja jiwe na kulifyonza vipande vipande. Karibu kila ubavu uliofunguliwa katika vitabu vile ulifunguliwa na mtu mmoja, Daktari Isikeli Tamani, mpasuaji wetu mkuu, ambaye alikuwa anastaafu mwezi wa kumi na moja. Nilizijua operesheni zile. Nyingi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza.

Hesabu ilikuja hivi. Waliofunguliwa ubavu, mia moja na kumi na wawili. Walioongezwa damu, kumi na tisa. Waliotobolewa tundu, arobaini na mmoja. Walioongezwa damu, wanne. Yaani mmoja kati ya sita kwa ubavu, mmoja kati ya kumi kwa tundu. Daktari Gounder aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata Hirday aliingia kliniki pamoja na mkewe, Sumintra, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa akishona sare za shule huko kwao Rakiraki. Madaktari wote wawili walikuwepo, nami nikiwa nimeitwa kuandika orodha ya Agosti. Majibu ya maabara yalikuwa mezani. Kundi lake la damu lilikuwa O hasi. Upande wetu wote wa kisiwa, orodha ya benki ya damu ilikuwa na majina sita tu ya watu wa kundi hilo.

Waliwaeleza njia zote mbili. Sumintra alisikiliza mpaka mwisho, mkoba wa picha za eksirei mapajani.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Ipi inamwaga damu kidogo?"

"Kwa hesabu zetu ni tundu, mama," akajibu Daktari Gounder, akamtajia zile namba polepole, akazirudia.

Sumintra akamgeukia Tamani. "Na wewe, baba daktari?"

Mzee Tamani alikuwa na tabia ya kukandakanda kidole gumba chake cha kulia, kilichokuwa kimeanza kukakamaa. "Namba ni za kweli," akasema. "Sista amezihesabu mwenyewe, na huyu hadanganyi. Ila wageni wakija huchagua mawe ya kistaarabu. Haya yenye pembe huniachia mimi. Kwa hiyo wagonjwa wangu na wagonjwa wao si wa aina moja. Halafu, damu ya ubavuni naiona kwa macho. Ikitoka, naibana. Ya tundu mara nyingi ni kidogo, kidogo kweli. Lakini kuna ambayo hungoja. Mtu amekwenda nyumbani, anakula chapati yake, siku ya nane au ya kumi, inaanza."

"Mara ngapi inatokea hivyo?"

"Mara chache. Labda mmoja kati ya mia."

"Ikitokea?"

"Nchi zenye vifaa wanapitisha waya mwembamba kutoka pajani, wanauziba mshipa. Sisi hatuna. Hapa ikitokea, tunafungua ubavu."

Hirday alicheka, akashika ubavu. "Basi mnanigombania," akasema. "Sumi, unaona? Bado nina soko."

"Nyamaza wewe," mkewe akamwambia. "Mtu anayejua kunyamaza saa kumi kwenye foleni ashindwe dakika tano hapa."

Walipotoka, Sumintra alinifuata ukumbini. Akanishika mkono juu ya kiwiko, kama wanavyoshikana watu wa ukoo.

"Dada, angekuwa mumeo ungechagua ipi?"

Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitano nyuma kwa sukari, na swali lile lilinikuta sijajiandaa. Ningeweza kumwambia akamuulize daktari. Ndivyo tunavyofundishwa. Lakini nilikuwa nimezihesabu mwenyewe zile namba, usiku na mchana zilikuwa kichwani, na mwanamke yule alikuwa ananitazama.

"Tundu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Wakaandikishwa siku ya Jumanne, juma la wageni.

*

Wageni walikuja na masanduku yao kumi na moja, watu wazuri, wakarimu, wenye haraka. Siku ile ya Hirday aliyeshika darubini alikuwa mkubwa wao, Daktari Gounder akimsaidia. Jiwe lilikuwa kubwa kuliko picha ilivyosema. Tundu la kwanza halikuifikia pembe ya juu, wakatoboa la pili. Niliandika: matundu mawili. Damu iliyopotea haikujaza kikombe cha chai. Kipimo cha damu yake kilikuwa kumi na tatu asubuhi, jioni kikawa kumi na mbili. Mzee Tamani alipita mlangoni, akachungulia kwenye skrini, akaona figo tupu, safi.

"Kazi nzuri," akasema, akaenda zake.

Siku ya nne Hirday alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, akiwa na vipande vya jiwe ndani ya chupa ya dawa. Alisema atavionyesha kwa wenzake foleni. Siku ya Jumamosi wageni walifunga masanduku wakaondoka, na darubini yao. Walikuwa wamefanya watu wanane juma lile, wala hakuna aliyeongezwa damu. Daktari Gounder aliniletea keki ya nazi. Nilikula kipande nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeinuka.

Siku ya tisa tangu operesheni, saa nne asubuhi, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya mapokezi. Hirday alikuwa amelala nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani mwa mkewe. Sumintra alikuwa na ndoo ndogo ya plastiki iliyofunikwa kwa kanga ya jikoni. Alipofunua niliona mkojo mwekundu kama maji ya ua la hibiskasi, na ndani yake mabonge.

"Alikuwa anakunywa chai," akasema. "Alikuwa amekaa tu, dada. Hakubeba kitu."

Damu yake ilikuwa saba. Tulimtundikia chupa moja ya O hasi iliyokuwepo benki, ya pekee, tukamwekea mpira mnene wa mkojo tukamsafisha mabonge. Ultrasaundi ilionyesha kile ambacho mzee alikuwa amekisema: mshipa uliotobolewa njiani kuifuata pembe ya juu ulikuwa umejifanyia kifuko, na kifuko kimeanza kuvuja. Daktari Gounder alipiga simu Suva, mji mkuu, ambako pia hakukuwa na vifaa vile, akapiga ng'ambo. Ng'ambo walikubali kumpokea, lakini si kwa ndege ya kawaida akiwa anavuja, na ndege ya wagonjwa ilihitaji siku tatu za barua na sahihi.

Mzee Tamani alimpima kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. "Tungoje," akasema. "Alale, asisogee. Nyingine hujiziba zenyewe."

Tukangoja. Siku mbili mkojo ulikuja mwepesi, wa rangi ya waridi, kisha karibu wa njano. Hirday akaanza tena mizaha yake. Alimuuliza Daktari Gounder kama anaweza kurudishiwa jiwe lake liwe kizibo. Daktari Gounder alijaribu kucheka. Alikuwa amepungua usoni. Siku zile alikuja wodini saa kumi na mbili asubuhi kutazama mfuko wa mkojo kabla ya kumtazama mtu.

Siku ya tatu saa saba mchana mfuko ukajaa wekundu ndani ya dakika kumi. Alipopimwa, damu ilikuwa tano.

Benki haikuwa na kitu. Mkuu wa maabara alinipa ile orodha ya majina sita, kwa sababu alikuwa peke yake zamu ile na mashine ikimngoja, nami nikakaa kwenye simu ya ukumbini. Wa kwanza alikuwa amehamia Auckland. Wa pili alijibu mwanawe: mzee alizikwa Aprili. Wa tatu alikuwa mjamzito. Wa nne hakupokea. Wa tano alikuwa mwenye duka la vipuri kule mjini Ba, bwana mmoja jina lake Mahendra Pillay. Nilimweleza. Akauliza jambo moja tu, "Nije na kitambulisho?" akafunga duka.

Wa sita alikuwa mwalimu, Asenaca, na kitabu kilionyesha ametoa damu wiki saba zilizopita. Sheria ni wiki kumi na mbili. Nilimpigia hata hivyo, nikamwambia ukweli, kwamba simwombi, namuuliza tu kama anamjua mwingine.

"Simjui," akasema. "Ndugu zangu wote damu yao ni chanya. Huyo mtu ni nani?"

"Dereva wa lori la miwa."

Nikamsikia akizungumza na mtu pembeni, kama anayemwachia darasa. "Nipimeni kwanza," akasema. "Mkiona inatosha, chukueni."

Walimpima, ikatosha, mkuu wa maabara akaweka sahihi yake. Kwa hiyo tulikuwa na chupa mbili. Mzee Tamani aliangalia zile chupa mbili kwenye trei.

"Zinanitosha nikiwa mwepesi," akasema. "Sijawa mwepesi siku hizi. Ashnita, utasimama nami."

"Daktari, mimi ndiye…"

"Najua. Nawa mikono."

*

Sitaeleza kila kitu cha saa mbili zile. Nilisimama mahali pangu, upande wa kulia wa mzee, magoti yangu nimeyafunga bandeji. Alimlaza Hirday kwa ubavu, akakata chini ya mbavu kwa mstari ule ule niliouona mara zaidi ya mia. Alipofika kwenye figo, damu ilikuwa imejaa pande zote, nzito na nyeusi, na chini yake ile nyekundu inayoruka. Nilisikia mashine ya kufyonza ikibadilika sauti. Mzee aliingiza vidole viwili nyuma ya figo, akaushika mshipa mkuu, akaubana. Ile inayoruka ikakoma.

"Bana hapa nilipo," akamwambia Daktari Gounder. "Gumba langu halitakaa dakika ishirini. Lako litakaa."

Akabana yeye. Mkono wa msichana ukachukua nafasi ya mkono wa mzee, hatua kwa hatua, kidole kwa kidole, na mzee akapata mikono yake yote miwili. Mpa-ganzi, aliyemlaza mgonjwa usingizi, alihesabu dakika kwa sauti. Ya sita akakipata kifuko. Ya kumi na moja nyuzi mbili zilikuwa zimeingia. Tulitundika chupa ya Mahendra Pillay, na baadaye ya Asenaca.

"Samahani, Mzee," Daktari Gounder akasema nyuma ya barakoa. Alisema chini sana.

"Usiniombe samahani mshipa ukiwa mkononi mwako," akajibu. "Dakika ngapi?"

"Kumi na saba," mpa-ganzi akasema.

"Achia. Polepole."

Akaachia. Tukatazama wote. Sehemu ya chini ya figo ilirudi rangi yake. Ya juu, kama theluthi moja, ilibaki kijivu, na mzee akaiondoa. Figo lililobaki hakulitoa. Alipomaliza kushona ngozi alikaa kwenye kigoda cha mpa-ganzi, akavua glavu, akakaa akitazama kidole gumba chake. Damu ya Hirday ilikuwa sita. Alikuwa hai.

Sumintra alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya thieta tangu saa nane. Daktari Gounder alimweleza akiwa amechuchumaa mbele yake, na hakuficha kitu: kwamba kilichovuja kilitokana na tundu, kwamba sehemu ya figo imekwenda, kwamba siku tatu zijazo ndizo za kuangalia. Sumintra alimsikiliza, akasema asante. Daktari alipoondoka nikakaa mimi mahali pale kwenye benchi. Nilikaa kwa sababu nilikuwa na la kusema.

"Uliniuliza," nikamwambia. "Nikakujibu tundu."

"Ndiyo."

"Nimekaa na neno hilo siku zote hizi."

Alikuwa anakunjua na kukunja kipande cha kitambaa, cha sare, cha rangi ya buluu. Nadhani alikuwa amekibeba mfukoni bila kujua.

"Nilikuwa nimeshachagua kabla sijakuuliza," akasema. "Nilitaka tu mtu aseme pamoja nami."

"Sikupaswa kusema."

"Ungenyamaza ningechagua hilo hilo, halafu leo ningekuwa peke yangu hapa." Akakunja kitambaa. "Nilikuwa na hasira na wewe juzi. Kwenye gari, na ndoo ile. Nilikutukana njia nzima kutoka nyumbani, Hirday akaniambia nikome. Leo sina hata nguvu ya hasira. Una chai?"

Nilikuwa na chupa ya chai ya majani ya mchaichai kwenye kabati langu. Nikaileta. Tukanywa kwa kifuniko kimoja, kwa zamu, wala hatukuzungumza tena habari ile.

*

Hirday alikaa wodini siku kumi na tisa. Siku ya tano aliomba kioo aone mgongo wake, nikamshikia viwili. Alitazama alama mbili ndogo za matundu, na mstari mrefu ulioshonwa kutoka nyuma kuja mbele.

"Wengine wanapewa tundu, wengine wanapewa mlango," akasema. "Mimi nimepewa nyumba nzima."

"Ukicheka utafungua huo mlango," nikamwambia.

"Sicheki, dada. Nalalamika."

Ilibaki karatasi. Kikao cha wakubwa kilikuwa mwanzo wa Oktoba, na Daktari Gounder alinijia ghala la mashuka, wakati nakula, akaketi juu ya furushi la mashuka akaniambia anaiondoa. Hataki darubini tena. Mzee Tamani alikuwa amenifuata kutafuta gauni la upasuaji la saizi yake, akayasikia yote mlangoni.

"Unaiondoa kwa nini?"

"Kwa sababu ya Hirday."

"Hirday ni mtu mmoja."

"Alikaribia kufa, Mzee."

"Wangu wawili walikufa kabisa. Wamo humo, Sista amewaandika, mwaka wa pili na mwaka wa tano. Hakuna aliyeniambia niache kufungua ubavu." Alichukua gauni, akalipima mabegani. "Mwandike tu. Kazi yako ni kumwandika."

"Nimwandike wapi?" Daktari Gounder akauliza, na hapo sauti yake ikapasuka kidogo. "Chupa mbili alipewa kwenye operesheni yako. Kwa utaratibu wa vitabu ni damu ya ubavu."

Mzee alinitazama mimi. Ndiyo, kitabu cha thieta kilisema hivyo. Mimi mwenyewe nilikiandika: ubavu, chupa mbili. Kama ningenyamaza, Hirday angehesabiwa upande wa mzee, karatasi ya tundu ingebaki safi, na hakuna ambaye angekuja kuuliza.

"Alianza kuvuja kwa tundu," nikasema. "Chupa ya kwanza alipewa kabla ubavu haujafunguliwa. Aandikwe tundu."

Daktari Gounder akachukua kalamu yangu. Akafuta ile nne, akaandika tano. Akafuta arobaini na moja, akaandika arobaini na tisa, kwa wale wanane wa Agosti. Akakokotoa pembeni, akasimama, akakokotoa tena.

"Bado ni mmoja kati ya kumi," akasema.

Tulikaa tukaitazama ile namba. Kwangu mimi lilikuwa jambo la kuchosha kuliko yote ya mwaka ule: kwamba ndoo ile, zile simu sita, mkono ule juu ya mshipa, theluthi ya figo, vyote vilikuwa vimeingia kwenye karatasi na karatasi haikusogea. Ilikuwa kweli kabla, na ilikuwa kweli baada.

"Ongeza mstari," Mzee Tamani akasema. "Chini. Waliovuja baada ya kurudi nyumbani. Andika mmoja. Na uandike umbali wa nyumbani kwake."

Akaongeza. Kikao kilipofika alisoma yote, na huo mstari wa chini aliusoma kwanza. Wakubwa waliuliza maswali mengi, wakasema wataona bajeti ya mwaka unaofuata. Darubini ilikuja miezi kumi na minne baadaye, imetumika, kutoka hospitali moja ya ng'ambo iliyokuwa inanunua mpya. Daktari Gounder aliweka sharti lake: mgonjwa wa tundu anayetoka mbali hakai kwao wiki mbili za kwanza, anakaa mjini. Kanisa letu la Methodisti lilitoa vyumba viwili nyuma ya ukumbi, na wanawake wa hekaluni kwao Hirday wakaleta magodoro.

Mzee Tamani alistaafu Novemba kama ilivyopangwa. Tulimpikia kwenye tanuri la mawe, akala kidogo, akalala kwenye kiti hotuba zikiendelea.

Hirday hakurudi kwenye lori. Msimu ule shemeji yake aliliendesha, msimu uliofuata wakaliuza, naye akapata kazi kwenye mizani ya kiwanda, kivulini, kuna bomba la maji hatua kumi kutoka kwenye kiti chake. Januari iliyofuata operesheni alikuja kupimwa. Damu ilikuwa kumi na mbili. Figo lile la kushoto lilikuwa linafanya kazi nusu, na la kulia lilikuwa zima. Sumintra alikuwa amemshonea mkanda mpana wa kitambaa wa kufunga ubavu, kwa sababu mkato ulikuwa unamuuma akiinama.

Daktari Gounder alimwambia arudi baada ya miezi sita. Aliandika tarehe kwenye kadi, Sumintra akaiweka kwenye mkoba pamoja na picha. Basi la Rakiraki lilikuwa linaondoka saa nane, wakaenda. Mimi nilikuwa nimeomba likizo, ya kwanza baada ya miaka mitatu, na siku ile ilikuwa ya mwisho kabla haijaanza. Nilimkabidhi mwenzangu funguo za kabati la dawa, nikapanda kwa dada yangu milimani, na siku nne za kwanza nililala tu. Watoto wake walikuja mlangoni kunichungulia kama bado napumua.